Miguu ya Mla-ulimi

"Nyuki, uko wapi?"

"Nyuma yao, Mkuu."

"Ndege inaruka saa sita. Michoro isipande."

Jasusi aliyeitwa Nyuki aliipenyeza pikipiki yake ya Honda katikati ya malori mawili. Mbele yake gari jeupe lilikimbilia uwanja wa ndege likiwa na michoro ya kale iliyoibwa makumbusho: wadudu wa baharini wanaoishi kwa kuwanyonya samaki na kaa, waliochorwa kwa mkono karne mbili zilizopita. Ukutani zilibaki nakala.

Nyuki ndiye aliyezigundua asubuhi ile, na tangu hapo moyo wake haukutulia. Mchoraji wa kale alikosea. Yule mdudu anayekula ulimi wa samaki alimpa jozi sita za miguu. Kwenye nakala zilikuwa saba, kama alivyo baharini.

Mwizi gani, jamani, husahihisha anachokiiba?

Nyuki alimjua mmoja tu. Alikuwa fundi wa kukarabati picha pale pale makumbusho, na alikuwa mkewe.

Hakumwambia Mkuu.

Bastola yake ya Glock ilibweka. Tairi la nyuma likapasuka, gari likaserereka na kugota ukingo wa barabara. Mnunuzi, aliyekuwa akiendesha mwenyewe, akatoka mikono juu. Nyuki akamfunga pingu mlangoni.

Kiti cha pili kilikuwa na mtu. Nyuki aliomba asiwe yeye.

Alikuwa yeye, amelikumbatia kasha la michoro.

"Unaondoka naye?"

"Wewe uliondoka zamani, mume wangu. Kabatini zimebaki nguo tu."

"Nilikuwa kazini."

"Najua. Yule mdudu akishakula ulimi, anakaa pale pale ulipokuwa. Samaki anaendelea kula, ukimtazama ni mzima. Ndivyo kazi yako ilivyokaa nyumbani kwetu. Nimechoka kuilisha."

Nyuki alimpenda mwanamke huyu kuliko nafsi yake, na hakukumbuka alimwambia lini mara ya mwisho.

Redio ikakwaruza. "Nyuki! Wamo wangapi?"

Akaiziba kwa kiganja. "Nitasema walikuteka," alinong'ona. "Turudi nyumbani, mama. Nakuomba."

"Tukaishi na uongo huo mezani, kitandani?" Machozi yalimtiririka. "Mimi nilishindwa hata uongo mdogo wa kumpunguzia mdudu miguu."

Nyuki akainua redio.

"Wawili, Mkuu. Mnunuzi... na mke wangu."

Sauti ya Mkuu ikashuka.

"Pole sana, kijana wangu."

Polisi walipofika, Nyuki alitoa pingu za pili. Mkewe akatikisa kichwa.

"Usinifunge wewe. Waache wao."

Nyuki akawaachia. Akachukua kasha, akavaa miwani yake ya jua, akaiendea pikipiki polepole bila kugeuka.

"Umemwona yule?" polisi mmoja alimwambia mwenzake. "Ana moyo wa chuma."

Nyuki alisikia. Akavaa helmeti, akashusha kioo, akalia humo ndani mpaka hakuiona barabara.