Kinyozi Aliyesinzia na Wembe Mkononi

Kinyozi alikuwa na mkono mwepesi na mdomo wa utani. Wateja walimwita Bonge, naye aliitika bila kinyongo. Lakini hatua kumi tu zilimfanya aheme, na kila asubuhi aliamka na kichwa kizito.

Siku moja alikuwa akimnyoa ndevu dereva wa teksi. Wembe ulikuwa umefika chini ya sikio. Kinyozi akafumba macho kidogo tu. Alipoyafumbua, dereva alikuwa amemkamata mkono, na damu ilikuwa ikimchuruzika shavuni.

"Umelala, bwana?"

"Nimepitiwa. Nisamehe sana."

"Umelala umesimama. Mimi nikifanya hivyo barabarani, tunazikwa wote."

Dereva akaondoka na povu upande mmoja wa uso. Kinyozi akafunga kibanda. Nyumbani alimweleza mkewe yote.

"Sielewi," alisema. "Nalala saa nane nzima."

"Wewe hulali," mkewe alijibu. "Unakoroma hadi vyombo vinalia kabatini. Kisha kimya, hupumui. Nahesabu hadi ishirini, ndipo unashtuka kama mtu anayeopolewa majini. Nilikuambia, ukasema nakusingizia."

Jioni hiyo mke alimwita jirani yao, muuguzi.

"Shemeji, huo si uvivu, ni ugonjwa," muuguzi alisema. "Mafuta yamejaa shingoni. Ukilala, koo linalegea na kuziba. Tumbo nalo linayabana mapafu. Hewa ikipungua, ubongo unakuamsha, hata kama hukumbuki. Moyo unachoka, na shinikizo la damu linaweza kupanda."

"Kuna dawa?"

"Kuna njia. Kwanza upimwe."

Hospitalini alilala na kifaa kidoleni na mrija puani. Daktari alisoma majibu: pumzi ilikatika mara arobaini na mbili kila saa. Mke alimshika mumewe mkono kwa nguvu.

Daktari alimpa mashine inayosukuma hewa kupitia kinyago, ili koo lisizibe. Asubuhi ya kwanza kinyozi aliamka kichwa chepesi, akaanza kuimba bafuni. Mkewe alicheka hadi machozi yakamtoka.

Lakini uzito ulibaki. Alishajaribu kupunguza chakula mara nyingi, kilo zikaondoka na kurudi. Ndipo daktari akamweleza kuhusu upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula.

"Haumfai kila mtu," daktari alisema. "Una hatari zake: kutokwa damu, maambukizi. Na baada yake utakula kidogo kidogo, utameza vitamini na kutembea kila siku, maisha yako yote."

"Na pumzi yangu?"

"Kwa wengi huwa bora sana uzito ukishuka. Lakini usiache mashine mpaka tukupime tena."

Wiki nzima mume na mke walilijadili jambo hilo. Mwishowe kinyozi alisema, "Twende. Nataka kuwa macho maishani mwangu."

Upasuaji ulikwenda salama. Mwezi wa kwanza ulikuwa mgumu. Vijiko vichache tu vya uji vilimshibisha, na alinuna. Baadaye mambo yakaanza kubadilika. Suruali zikamvuka. Siku moja alisimama kibandani kutwa nzima bila kusinzia, akampigia mkewe simu kumwambia hilo tu.

Mwaka ulipotimia walirudi kupimwa. Lifti ilikuwa imejaa, na kliniki ilikuwa ghorofa ya tatu. Kinyozi akapanda ngazi, mkewe nyuma yake.

"Polepole, baba watoto," mke alisema. "Sasa mimi ndiye ninayehema."

Daktari alifungua majibu. Safari hii pumzi ilikatika mara nne tu kwa saa.

"Mashine unaweza kuipumzisha," alisema. "Wengine hupungua zaidi kuliko wewe na bado huihitaji. Ndiyo maana tunapima, hatukisii. Uzito ukirudi, au ukianza tena kukoroma, njoo haraka."

Mchana huo kinyozi alijilaza kidogo bila kinyago. Chumba kilikuwa kimya kabisa. Mkewe akaingia kwa kunyata, akaweka vidole karibu na pua yake.

"Napumua, mke wangu," kinyozi alisema bila kufumbua macho. "Hebu nawe ulale."

Mkewe akavua viatu, akalala.