Utani Ulioingia Ghalani

Twi! Twi! Twi! Kabla jua halijachomoza juu ya mashamba ya mkonge ya Kilosa, ndivyo kambi yetu ilivyoamka: kwa michi miwili ikipishana katika kinu kimoja. Ukitoka nje ungewaona Marselina na Domina, jirani kwa jirani, wakitwanga huku wakitukanana kwa furaha.

"Twanga, Mngoni wee! Au kwenu mmezoea kula vya kupora tu?" alisema Domina.

"Nawe Mnyamwezi, babu zako walibeba mizigo ya watu mpaka vichwa vikawa bapa!"

Ninyi mnaojua mambo yetu mnajua kwamba Mngoni na Mnyamwezi ni watani. Mtani hukutukana mbele ya mkweo. Hukamata kuku wako akamla, nawe hukasiriki. Ukikasirika, aibu ni yako.

Marselina alikuwa mjane wa miaka kama arobaini, mama wa binti mmoja, Anastazia, aliyekuwa akisoma shule ya misheni. Mwanamke akipigwa na mumewe, au mtoto akiharisha, mlango uliobishwa ulikuwa wa Marselina. Siku hizo za Waingereza walianza kutafutwa wanawake watu wazima wa kufundishwa chuoni kazi ya ustawi wa jamii, yaani kuzisaidia nyumba zilizofikwa na shida. Mwalimu wa kike alipofika kambini kuuliza ni nani anafaa, wanawake wote walitaja jina moja.

"Nina mtoto na nina shamba," alisema Marselina. "Mwaka mzima nitamwachia nani?"

"Sisi tupo!" walijibu.

Wakakubaliana mbele ya Mzee Damiano, mkubwa wa baraza la kambi. Shamba la Marselina ng'ambo ya mto Mkondoa litalimwa na wanawake kwa zamu. Anastazia atakaa kwa Domina, ale mahindi ya mama yake na aendelee na shule.

Domina akapiga kigelegele. "Nenda salama, mtumwa wangu! Ukirudi utakuta shamba ni langu, ghala ni langu, na binti nimemwoza kwa kikapu cha chumvi!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Marselina alicheka kuliko wote, akapanda gari la moshi.

Sasa sikieni, jamaa zangu, jinsi watu wazuri wanavyoweza kufanya ubaya huku wanatabasamu.

Mahindi yalikubali mwaka ule. Domina akayahamishia kwake. Mara mumewe akaanza kuyafunga kwenye baiskeli, gunia baada ya gunia, kuyapeleka gulio la Ulaya, kijiji cha hukohuko Kilosa. Yaliyobaki yakawa pombe. Wapita njia waliokwenda upande wa chuo wakapewa salamu za kupeleka: "Mwambieni Mngoni wangu, binti yake amenenepa kama nguruwe wa misheni." Marselina kule akacheka, akarudi kwenye masomo yake.

Mimi, kijana wa jirani, nilimkuta Anastazia shambani, amejitwika mzigo wa majani ya mkonge, mikono imechanika.

"Na shule je?"

"Mama Domina anasema chakula kimekwisha, kaka. Anasema nile jasho langu."

Nilikwenda moja kwa moja barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Mbona unahema?"

Nilipomweleza, Mzee Damiano alitikisa kichwa. "Wewe si mtani, usitie mkono. Domina alitangaza mapema, sote tulisikia. Marselina akirudi atachinja mbuzi wa Domina, na sisi tutacheka tena."

Nikasimama katikati ya wazee waliokuwa wakinywa barazani nikasema:

*Utani una mpaka, hauingii ghalani,*
*Mwana njaa yamshika, mnacheka jambo gani?*

"Lo! Malenga huyo!" walishangilia. "Mpeni pombe!" Nikapewa kata. Nikaitazama. Ilikuwa pombe ya mahindi ya Marselina. Niliimwaga chini, nao wakaniita mtoto asiye na adabu.

Haukupita muda, Anastazia aliteleza na mzigo wake. Ncha ya jani la mkonge, kali kama sindano, ikamwingia jichoni. Mganga wa hospitali alimsafisha, akatwambia kwamba jicho hilo halitaona tena.

Nilipanda gari la moshi mwenyewe kumfuata mama yake. Mtihani wa mwisho ulikuwa umekaribia, na sheria ya chuo ilikuwa wazi: anayeondoka kabla yake hupoteza nafasi. Mwalimu wake alimsihi. Marselina alikuwa ameshafunga kitambaa kichwani.

Kambini, mbele ya baraza zima, Domina alimlaki kwa kicheko chembamba. "Mngoni wee, umefukuzwa huko kwa—"

"Usinitanie," alisema Marselina. "Kuanzia leo mimi si mtani wako."

Hakuna aliyewahi kusikia maneno hayo. Marselina akawageukia wengine.

"Domina alikula mahindi. Ninyi mliahidi kwa vinywa vyenu, kisha mkakaa mnamtazama akila. Nilikuwa najifunza kuziokoa nyumba za watu. Yangu imeungua mbele yenu, na hakuna aliyeniletea habari ila kijana huyu, tena amechelewa."

Domina alileta mbuzi. Marselina hakumgusa.

FUNZO

Mwanamke mtu mzima akienda kusoma, hashindwi kwa sababu akili yake imezeeka. Hushindwa kwa sababu ya aliowaacha nyuma. Kumsindikiza kwa vigelegele kisha kumwacha mwanawe alale na njaa ni usaliti, hata ukiuita mila. Utani ni wa kuondoa machungu. Anayejifichia humo ili aibe ni mwizi, na anayemchekea ni mwenziwe.

Mwaka huu wanawake wameitwa tena. Aliyechaguliwa ni Mama Odilia, aliyehamia kwetu kutoka Mikumi, mwenye watoto wanne. Amekataa kwenda. "Hata Marselina aliahidiwa," anasema.

Jana jioni nilisimama mlangoni pake, watu wakipita, nikapaza sauti ili wote wasikie:

"Mama Odilia, nenda kasome. Nitalima shamba lako kabla ya langu, na wanao watakula kabla yangu. Siku nitakaposhindwa, siku hiyohiyo nitakuja chuoni kukwambia kwa kinywa changu."