Mabega ya Yaya

Mu mwezi ya kumi, Lubumbashi inalalaka macho wazi. Jacaranda inaangusha maua yake ya zambarau mu barabara, joto inapanda, mvua inaahidi na haifike, na bantu banatembea polepole kama benye kuota. Siku za vile njo mapenzi inakamataka bantu, juu hakuna mwenye nguvu ya kuikimbia.

Mu soko ya Kamalondo, pa mustari ya bafundi ya kushona, Abigaïl alikuwa anasinzia kidogo juu ya mashini yake. Alivaa robe ya rangi ya papayi, na metre ya kupimia ilimuzunguka shingo kama nyoka mwenye kushiba. Chini ya mabati mashini zingine zilikuwa zinaimba, zinanyamaza, zinaimba tena. Muntu akasimama mbele yake, akafunika jua.

— Jambo, mama fundi. Unaota?

— Naota muntu mwenye kujua kupiga hodi.

Alipofungua macho yote mawili, akaona kijana murefu mwenye shati nyeupe ya kupigwa pasi, na ua moja ya jacaranda mu nyele. Jina yake Osée, fundi wa mafrigo kule Kampemba. Alitandika pa meza kitenge ya bulu yenye ndeke nyeupe, kitenge ya kweli, ile inalala mu mukono kama maji.

— Nataka robe ya mwanamuke. Bipimo iko mu telefone.

Akaanza kusoma. Vile alikuwa anasoma, Abigaïl njo alikuwa anaamuka.

— Ngoja kwanza. Rudilia mabega.

Osée akarudilia.

— Bwana we! Huyu bibi yako iko gardien wa goli?

— Haiko bibi yangu. Ni yaya yangu, mukubwa yangu wa tumbo moja.

— Na mikono ile? Anakaa Kamalondo, anafunga madirisha ya Kampemba!

Osée alicheka mpaka ua ikaanguka. Abigaïl akaona meno yake, akakosea kutia uzi mu shindano, akakosea tena.

— Na weye, papa frigo, haushonewe kitu?

— Miye nitakuwa napita kila siku kuangalia kama robe inakomaa.

— Robe haiko mimba, papa.

Lakini kila siku akapita. Robe ikaisha, yaya akaipokea, akatuma aksanti, na Osée akaendelea kupita. Saa ya midi, bantu benye kushiba bukari banalala, telefone ilikuwa inalia pole chini ya bipande ya bitambaa.

— Moyo yangu, umelala?

— Nimelala. Unasema na kivuli yangu.

— Basi uambie kivuli yako namupenda pia.

— Kivuli yangu haitake fundi wa frigo. Inaogopa baridi.

— Nitaipasha moto.

— Na frigo? Shi hapana, papa, badilisha kazi kwanza!

Siku ya Mungu moja balienda kutembea Kasapa, pa miti ya karibu na chuo, kule banafunzi banabeba vitabu bila kuvifungua. Abigaïl alivaa sketi nyeupe na viatu vya kumuumiza, juu viatu vya kuumiza njo vinapendezaka. Alikuwa mutoto wa bantu ya Kasai, nyumba yenye kujaa badada na makelele.

— Na kwenu muko bangapi? akauliza.

— Babili. Banaume babili. Papa alikuwa mufanyakazi wa reli.

Jibu ile ilitoka mbio, vile muntu anajibu mu ofisi. Papa ya Osée aliijibu vile mpaka kufa, na mujomba yake Franck anaijibu vile mpaka leo. Abigaïl hakuikumbuka ile robe ya yaya. Alikuwa anaangalia kivuli yao babili ku majani, namna ilikuwa inafanya kivuli moja.

Kisha siku ya posho moja, mbele ya siku ya Mungu, mangaribi ya vumbi ya zahabu, akiwa anafunga kazi, pikipiki ya Osée ilipita pa kona polepole. Nyuma yake ilipita robe: bulu, ndeke nyeupe. Mu ile robe kulikuwa mwanamuke murefu, mabega pana, midomo nyekundu, mikono ku kiuno ya Osée, kichwa imelala ku mugongo yake kama ku muto. Na robe ilimukaa muzuri sana. Hiyo njo iliuma kupita yote: Abigaïl alisifu kwanza mushono wake, kisha njo akalia.

— Osée, ulibeba nani leo ku pikipiki? akauliza ku telefone usiku ile.

— Yaya yangu, chérie.

— Yaya gani? Shi uliniambia muko banaume babili?

Osée akakohoa.

— Osée!

— Abi, moyo yangu… haiko vile unafikiri.

— Basi iko vile gani? Ule dada alitoka wapi? Mumemuzaa jana?

— Siwezi kukuelezea ku telefone.

— Nilimushonea mupali yangu, muke mwenzangu, nguo! Na nikaipiga pasi!

Akakata. Toka siku ile telefone ikawa inawaka na kuzima chini ya bitambaa, kama kimulimuli mwenye kupotea, na Abigaïl akawa anashona tu, macho kavu, mustari nyoofu. Jacaranda ikaanza kuonyesha matawi.

Mwaba, rafiki yake wa mashini ya pembeni, njo alileta habari.

— Abi. Mama Madeleine, mama ya Osée, amekufa. Ule ugonjwa wake wa zamani. Kilio iko kwao Kampemba.

Abigaïl akavuta uzi, akaukata na meno.

— Niligombana na mutoto. Mama sikugombana naye.

Akafunga kitenge nyeusi juu ya robe, akatwika unga, Mwaba akabeba makala, bakaenda.

Ku kilio muntu haonyeshwe nafasi, miguu inajuaka yenyewe. Banaume banakaa inje, ku viti, chini ya hema, kuzunguka moto, na karata zao na pombe zao. Banamuke banaingia mu nyumba, ku mikeka na matela chini, karibu na picha ya marehemu na mishumaa. Kule banafungua nyele, banavua libaya, banalia mpaka sauti inaisha. Vile njo iko.

Lakini pa katikati ya kiwanja, mu jua kali, muntu mumoja alikuwa anasimama kama mwenye miguu yenye kusahau. Robe ya bulu. Ndeke nyeupe.

Damu ya Abigaïl ikapanda. Mupali! Ata hapa? Akatua unga, akakaza kitenge, akaenda kumuvamia. Na njo mujomba Franck aliita toka ku moto:

— Fils, kijana yangu! Kuja huku ukae na banaume benzako. Lakini utoe kwanza ile robe.

— Jina yangu ni Daniella, mujomba.

Sauti ilikuwa nene, yenye kuchoka na machozi. Abigaïl akasimama palepale. Akaona mabega. Akaona mikono. Akaona macho, na macho ilikuwa ya Osée kabisa. Banaume babili, alimwambia. Hasira yake yote ikakosa mahali pa kukaa, ikabaki mu mukono kama unga wa kumwangika.

Pa mulango alisimama mama mudogo Germaine, ndugu ya marehemu, mikono yake inashika mbao pande zote mbili. Alikuwa anafunga njia na alikuwa analia, vyote pamoja.

— Humu hapana, mutoto yangu. Sikuchukie. Nilikubeba mu mugongo. Lakini banamuke banavua humu, banaoga ku beseni, banalala ovyo. Mu maisha yangu hii njo nafasi moja mwanaume haingiaka kuniangalia. Mukiitoa hiyo, tutalilia wapi?

— Njo kweli! sauti zikaitika mu nyumba.

— Kweli gani? Mwaba akapandisha sauti, juu jirani mumoja alimunong'oneza yote sasa hivi. Nani alikuwa anamuosha mama Madeleine, anamugeuza, anabadilisha mashuka? Kile chumba muliingiaka nyinyi?

— Kuosha mugonjwa haigeuze muntu kuwa mwanamuke! mama mumoja akajibu toka ku matela.

— Na kulalia matela haikugeuze weye kuwa mufiwa! Toka tufike unakula tu!

— Naomba tu kukaa karibu na mama, Daniella akasema. Pembeni. Sitafungua macho.

Osée alikuwa kule ku moto, kati ya banaume, anaangalia viatu yake. Abigaïl akakata kiwanja, akaingia mu viti vyao, mwanamuke yeye moja.

— Mama, huku ni kwa banaume, Franck akamwambia.

— Naona, papa. Sitakawia. Sichezake karata.

Akainama kwa Osée.

— Ule njo yaya yako?

— Njo yeye.

— Na uliniambia banaume babili.

— Niliogopa, Abi. Nilifikiri ukijua utakimbia.

— Nilikimbia juu sikujua. Sikiliza muzuri. Ile uongo haikunipiga miye tu. Ulimufuta yeye. Leo mama yake amekufa, anasimama mu jua, na weye unahesabu kamba za viatu. Kama hauseme mbele ya bantu ule ni nani, telefone yangu usiipige tena. Ata kivuli yangu haitakuitika.

Akamupa mugongo. Osée akabaki kidogo, vile muntu anabakia mu maji ya baridi mbele ya kuzama. Kisha akasimama, na kiti ikaanguka nyuma yake.

— Mujomba. Bamama. Mama yangu alizaa batoto babili, Daniella na miye. Ku mwisho alisahau ata jina yangu. Alikuwa anaita jina moja tu: «Dani, maji. Dani, nigeuze.» Miye nilisikia. Kama yaya yangu hana nafasi ku kilio ya mama, miye pia sina.

Akaenda kusimama pembeni yake mu jua. Mabega yao ikagusana. Ku moto banaume bakaweka karata chini.

Njo mu nyumba kikohozi ya kizee ikasikika. Ilikuwa nkambo Kalaba, mama ya marehemu, mwenye macho ya kufifia. Huku kwetu nkambo na bajukulu banachekeshanaka: mujukulu mwanaume banamuita bwana yake, mujukulu mwanamuke mupali yake, na ata ku kilio mizaha ile haikatazwe.

— Bwana yangu Osée anasimama na nani kule inje? Na ule mupali yangu wa mabega? Mutamuacha aniibie bwana mu jua?

Muntu mumoja akacheka na machozi, kisha mwingine.

— Akiwa mudogo nilikuwa namuita bwana yangu, nkambo akaendelea, na mutoto analia mpaka kamasi. Siku moja nikakosea, nikamuita mupali. Akacheka mpaka akalala. Toka pale niko na mupali, na tunagombana muzuri. Germaine, Mungu amebeba mutoto yangu. Usininyime na muntu wa kugombana naye.

Nyumba ikacheka na kulia. Germaine hakucheka.

— Mama, miye sijakubali. Akapangusa pua. Lakini akiingia, nataka pazia pale mu kona, pa kuoga na kuvaa. Miye sivue mbele yake.

Bote bakamuangalia Daniella kama itamuuma.

— Mama mudogo, pazia ile ata miye naiomba, Daniella akajibu. Unafikiri miye napenda kuvua mbele ya bantu? Toka nipate akili, sijavua mbele ya muntu.

Germaine akamuangalia murefu. Mukono moja ikashuka toka ku mbao. Kisha, polepole, ya pili.

Abigaïl alikuwa ameshafungua kitenge yake nyeusi. Shindano alikuwa nayo mu kilemba, juu fundi hatokake bila shindano, na palepale, chini ya picha ya mama Madeleine, akapindisha kitambaa na kushona. Daniella akaipachika ku misumari ya juu bila kupanda kiti.

— Basi mabega zimesaidia kitu, Germaine akasema, na ikamutoka kama kicheko.

Bamama babili benye kukataa balibeba mikeka yao kwenda ku jikoni, na balikaa kule mpaka kilio ikaisha. Hakuna mwenye kubatukana. Chakula ilibafikia ya kwanza.

— Ni weye ulishona hii robe? Daniella aliuliza Abigaïl pembeni ya pazia.

— Ni miye. Nilikutukana sana, yaya.

— Gardien wa goli? Osée aliniambia. Hiyo ni muzuri. Mu soko bananiitaka mubaya kupita ile.

Kisha akakaa chini, karibu na picha, karibu na nkambo, akaweka kichwa yake ku magoti ya kizee, na mwishowe akalia kama mutoto wa mama yake.

Mvua ikafika. Ilinyesha juu ya mabati ya Kamalondo mpaka mashini zote zikanyamaza, na mu ile makelele ya kupendeza, muntu akasimama mbele ya Abigaïl, amelowana, na kitenge murefu mu plastiki.

— Hodi, mama fundi.

— Loo! Leo umejua.

— Nataka robe mbili, kitambaa moja. Ya familia, ya sikukuu. Moja ni ya yaya, bipimo yake unajua.

— Naijua usiku na mchana. Na ya pili?

— Ya dada mumoja mukali, mwenye kuingia ku viti vya banaume. Bipimo yake sina.

Abigaïl aliweka uzi pembeni. Alitoa metre ku shingo, bado yenye joto yake, akaiweka mu mukono ya Osée, akasimama, akageuka mugongo.

— Basi pima. Na unijibu muzuri: kwenu muko bangapi?

Osée akaweka metre ku bega moja, akaivuta taratibu mpaka ku bega ingine.

— Daniella, akasema. Na miye. Na weye.

Alikuwa ameshika metre kichwa chini, bipimo yote inaharibika. Abigaïl alijua, akamuacha apime. Robe yake mwenyewe, atairekebisha.