Sumaku Nne za Taras

Uwanja wa mpira wa magongo wa mji wa Thunder Bay ulikuwa umefurika watu Aila Koskela alipomwagiwa kahawa kwenye koti lake jekundu la sufu.

"Samahani, dada! Nitalifua mwenyewe," alisema kijana mmoja mrefu, mkono mdomoni.

"Mbona unaficha mdomo?"

"Nina vyuma vya meno. Na sumaku, eti zinasukuma magego nyuma. Mtu mzima na miaka yangu thelathini na moja!"

Aila akaangua kicheko. Alikuwa fundi katika maabara ya daktari wa meno, na mgonjwa wa sumaku alikuwa mmoja tu mji mzima. "Taras Hnatiuk? Nilizitengeneza mimi hizo."

"Kumbe ni wewe unayeninyima usingizi!"

"Na bado."

Kuanzia hapo Taras akawa anampigia simu kila mchana kutoka kwenye maghala ya ngano alikofanya kazi.

"Mpenzi, leo kijiko kimenasa tena kwenye sumaku."

"Muongo we! Kula taratibu."

Katikati ya Februari simu zikakatika. Siku kumi. Aila akipiga, dada yake Taras anajibu, "Amelala." Kisha Jumatatu akaona kwenye orodha ya kazi: Hnatiuk, kutoa sumaku zote. Matibabu yalikuwa yamebakiza miezi minne. Akamsubiri mlangoni kwa daktari wa meno.

"Kama umenichoka, ungeniambia tu."

"Aila…"

"Ni nani huyo unayetaka akuone na meno matupu?"

Taras alikuwa akihangaika na vifungo vya koti; vidole havikumtii. "Ni hospitali. Wanataka kunipiga picha ya kichwa kwa ile mashine kubwa, na huingii na sumaku mdomoni. Nimeanguka kazini mara mbili. Mkono huu siusikii."

Aila aliona aibu hadi machozi. Aliushika mkono huo daktari wa meno alipokuwa akizibandua sumaku zote nne, moja baada ya nyingine.

Picha ilionyesha uvimbe kwenye ubongo, mahali ambapo kisu hakifiki.

"Niache, mpenzi," Taras alimwambia kwenye ngazi za hospitali. "Bado hujachelewa."

"Nioe."

"Utakuwa mjane kabla ya Krismasi."

"Basi nitakuwa mjane wako, si wa mtu mwingine."

Taras akauinamisha uso begani kwake, akalia kwa sauti, watu wakipita.

Walifunga ndoa Jumamosi, theluji ikianguka. Wakapata miezi saba.