Chachu Mbili

Nuha alikuwa amechoka na maharage. Kila siku mama yake alimbembeleza, na kila siku alifumba mdomo. Alikuwa na miaka minne na mikono myembamba.

Mama yake aliitwa Mwanalima. Baba yake, Bakri, alikuwa mvuvi wa kisiwa cha Koyama, pwani ya Somalia. Vita vilipoingia Kismayu mwaka 1991, watu wenye bunduki walifika hadi visiwani. Walichukua mashua, nyavu, hata sufuria. Familia ikakimbilia Kenya. Sasa waliishi kambini, nje kidogo ya Mombasa.

Hema la jirani lilikuwa la Zakia, mjane kutoka Kismayu mjini. Yeye na Mwanalima walipika pamoja na kufua pamoja.

“Dada, ningepata chachu, ile mboga ya majani!” Mwanalima alisema siku moja. “Nikiipika kwa nazi, Nuha hula akalamba sahani.”

“Chachu? Mbona iko,” Zakia akajibu. “Nyuma ya kisima, imejaa tele.”

Mwanalima alikuwa na homa, kwa hiyo Bakri ndiye aliyekwenda.

“Ina jani la vidole, kama kiganja,” mkewe alimweleza.

Nyuma ya kisima Bakri aliona kichaka chenye majani kama kiganja. Akachuma. Mwanalima akapika bila kuyatazama sana. Nuha alikula kwanza, kwa pupa.

Haukupita muda mrefu mtoto akaanza kutapika. Tumbo likamwendesha mpaka macho yakaingia ndani. Bakri alimbeba mbio hadi zahanati. Alichukua pia majani yaliyobaki, ili muuguzi ayaone. Nuha alitundikiwa dripu, na Mwanalima akakaa kando yake akimshika mguu.

Zakia alipokuja kumwona mtoto, Mwanalima alimgeukia. “Umemlisha mwanangu sumu!”

“Wallahi sikukutakia ubaya,” Zakia alisema. Akarudi hemani kwake akilia.

Nuha alipona. Lakini mama wawili hao hawakusemezana tena. Kambini, wengi wakaogopa kuchuma mboga yoyote ya porini.

Muuguzi alimwita Mwanapili, mama wa Lamu aliyefanya kazi ya kukusanya na kutambua mimea mjini Mombasa. Mwanapili alitazama yale majani ya Bakri.

“Huu ni mbono,” alisema. “Vunja kijiti, utaona utomvu. Hauliwi.”

Kisha akawauliza wale mama wawili, “Chachu yenu ni ipi? Kila mtu aniletee yake. Njooni asubuhi, maua yakiwa yamefunguka.”

Asubuhi Zakia alileta mmea mdogo wa kutambaa, wenye majani manono. “Hii ndiyo chachu yetu,” alisema. “Iko pale pale nyuma ya kisima.”

Mwanalima alitafuta sana, akaipata ya kwao kwenye uzio wa shamba. Shina lake lilikuwa na miiba midogo iliyopinda. Ua lake lilikuwa la manjano, na katikati lina wekundu uliokolea.

Mama hao wakatazamana.

“Kumbe!” Mwanalima akasema polepole. “Jina moja, majani mawili.”

“Na mume wako akachuma la tatu,” Zakia akasema.

“Hakuna aliyesema uongo,” Mwanapili aliwaambia. “Kila mji una majina yake. Ndiyo maana wataalamu huupa kila mmea jina moja la dunia nzima, lenye sehemu mbili. Huu wa Mwanalima ni *Hibiscus surattensis*. Sehemu ya kwanza ni ya kundi lake. Sehemu ya pili hueleza ni upi katika kundi hilo.”

“Sisi hutanguliza jina la mtu, kisha la baba,” alisema Bakri, aliyekuja nao. “Wao hutanguliza ukoo!”

“Naam. Na surattensis ni kusema wa Surati, ule mji wa Bara Hindi.”

“Wa Surati? Umeota Koyama tangu babu zetu!” Bakri akasema.

“Jina halisemi umeota huko tu. Aliyeupa jina aliujua kwanza kwa mmea wa huko.”

“Na ukoo wenyewe unajulikanaje?” Zakia aliuliza.

Mwanapili akawaonyesha ua. “Petali tano. Katikati kuna kijiti kimoja, na chavua imekizunguka. Ua la bamia ni hivyo hivyo. Bamia, pamba na huu ni jamaa moja. Lakini ujamaa hautoshi kukuruhusu kula. Tazama jani, shina na ua. Ukibaki na shaka, muulize anayejua. Hukumpata? Usile.”

Mwanalima alimshika Zakia mkono. “Nisamehe, dada. Nilikuvunjia heshima mbele za watu.”

“Ulikuwa na mgonjwa,” Zakia akajibu. “Uchungu wa mwana.”

Siku hiyo walipika chachu zote mbili, kila moja kwenye chungu chake. Nuha alinusa, akaonja, akala.

Baadaye walifika wakimbizi wapya kutoka Darakasi, huko huko pwani ya Somalia. Mwanalima na Zakia waliwapeleka wenyewe kuuona mbono na kuzijua chachu mbili. Hapana mtoto aliyekula mbono tena.

Nuha alinenepa mashavu. Akimaliza sahani ya mama yake, alikwenda kusimama mlangoni kwa Zakia.

“Shangazi,” alisema, “na ya kwako imeiva?”