Tikiti Lilikuwa na Mlinzi

Nyumbani kwetu hakuna anayeitwa kwa jina lake. Dada yangu ni Mama Kijiko. Mume wake, shemeji yangu, ni Baba Kijiko. Dada wa shemeji anaitwa Shangazi na kila mtu, hata na muuza mkaa. Mimi ni Mjomba, ingawa ndevu zangu bado zinahesabika. Vyeo hivi vyote tumevipata kwa mtu mmoja mwenye miaka minne. Huyo ndiye Kijiko. Alipokuwa mchanga hakukubali kulala bila kushika kijiko, basi jina likamganda.

Jumamosi moja ya msimu wa joto, nyumba ilikuwa kama tanuri. Dada ni fundi cherehani, na cherehani yake iko sebuleni. Shemeji ni fundi wa kuchomelea vyuma. Alirudi kazini, akavua viatu, akajilaza kwenye sakafu tupu kutafuta ubaridi.

"Jumapili ijayo twende baharini," alisema kutoka kule chini.

"Wewe na bahari wapi na wapi?" Dada akauliza. "Hata beseni unaliogopa."

"Nitakaa kivulini. Nyie mtaogelea kwa niaba yangu."

Shangazi ni mwalimu. Hawezi kusikia neno "twende" bila kutafuta kalamu. Alichana karatasi kwenye daftari, akapiga mstari kwa rula. Upande mmoja akaandika vitu, upande wa pili akaandika watu.

"Mkeka na mwavuli, Baba Kijiko. Mikate na mayai ya kuchemsha, Mama Kijiko. Maji ya kunywa, mimi. Tikiti, Mjomba."

"Tikiti tu?" nikauliza.

"Tikiti tu. Ulibebe, ulilinde, lisipasuke, lisiibiwe. Ukiweza hilo, tutakufikiria kwa makubwa."

Wiki nzima Dada alishona gauni jipya la Kijiko la kuogelea. Kitambaa kilikuwa cha buluu, rangi ya bahari yenyewe.

"Atafanana na maji," Dada alisema, akiliinua tulione.

Sote tukamsifu. Hakuna aliyeyafikiria maneno hayo mara mbili.

Jumapili tulifika mapema, lakini watu walikuwa wametutangulia. Shemeji alitandika mkeka. Mimi nilichimba shimo kwenye mchanga wenye unyevu, nikaliweka tikiti ndani lipate ubaridi. Nikakaa kando yake kama askari wa benki. Shangazi alikutana na mwalimu mwenzake, wakaanza kuwasema wanafunzi. Shemeji alilala chini ya mwavuli. Dada alimenya mayai. Kijiko alikuwa na ndoo yake hatua chache mbele yetu, pale mawimbi yanapoishia.

"Mwangalieni mtoto, jamani," Dada alisema bila kuinua kichwa.

"Tunamwona," nikajibu.

Shemeji alilisikia neno hilo, akafumba macho. Shangazi alilisikia, akaendelea na umbea. Mimi niliyelisema nilitoa simu. Rafiki yangu alikuwa amenitumia video ya mbuzi aliyeingia saluni. Nikacheka. Nikairudia.

"Kijiko, njoo ule yai," Dada aliita.

Ndoo ilikuwa pale pale. Kijiko hakuwepo.

"Si yuko na Shangazi?" Shemeji akauliza.

"Na mimi? Si yuko na Mjomba?"

"Mimi niko na..." nilianza. Sikumaliza.

Tulitawanyika kama kuku. Shemeji alikimbilia vyooni. Shangazi alikimbilia kwenye magari. Mimi nilikimbilia kwa muuza aiskrimu, maana ningekuwa Kijiko ningekwenda huko. Dada peke yake ndiye aliyeingia majini hadi magotini. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Kila wimbi lilikuwa na rangi ya gauni alilolishona.

Sitasahau sauti aliyotoa. Haikuwa kilio. Ilikuwa kama mtu anayejaribu kukumbuka jinsi ya kupumua.

Ndipo kipaza sauti kikakoroma.

"Amepatikana mtoto wa kike wa miaka minne. Anasema anaitwa Kijiko. Tumemuuliza jina la mama yake, anasema ni Mama Kijiko. Baba yake, anasema, ni Baba Kijiko. Anaishi nyumbani. Wenye mtoto waje kwenye kibanda cha waokoaji."

Ufuo mzima ulicheka. Usiwalaumu, hata wewe umecheka. Sisi tulipita katikati ya kicheko hicho, watu wazima wanne, mmoja baada ya mwingine. "Mama Kijiko ndiye yule," mtu alisema nyuma yetu. Dada hakugeuka.

Kijiko alikuwa kwenye benchi, amefungwa taulo, anakunywa maji. Kando yake alisimama mwokoaji, mwanamke mwenye mabega mapana na filimbi shingoni. Wenzake walimwita Kamanda. Dada alimkumbatia mtoto hadi mtoto akalalamika.

"Nimemtoa majini," Kamanda alisema. "Alikuwa anafuata mpira. Maji yalikuwa yamemfika kidevuni. Lilibaki wimbi moja tu." Akatutazama. "Nani alikuwa anamwangalia?"

Dada alimtazama Shemeji. Shemeji alimtazama Shangazi. Shangazi alinitazama mimi. Mimi nilitazama vidole vyangu vya miguu.

"Sote," Shangazi alisema kwa sauti ndogo.

"Sote ni nani? Sote hana macho." Kisha akanigeukia. "Na wewe kijana, hicho ulichobeba ni nini?"

Nikashtuka. Kumbe kwenye purukushani ile nilikuwa nimelichimbua tikiti na kukimbia nalo. Nilikuwa nimelikumbatia kifuani.

"Tikiti."

"Nani alikuambia ulibebe?"

"Iliandikwa kwenye karatasi," nikasema.

"Kwa hiyo tikiti lilikuwa na mlinzi," Kamanda alisema. "Mtoto je? Aliandikwa wapi?"

Shangazi alijifunika uso kwa mtandio. Nilitamani lile shimo la tikiti liwe kubwa kidogo, niingie mimi.

Shemeji alijaribu kujitetea. "Lakini angepiga kelele, tungesikia. Tulikuwa karibu."

"Mtoto anayezama hapigi kelele, baba. Mdomo uko majini, atapigaje? Wala hapungi mkono. Anashuka kimya, kwa muda mfupi kuliko wa kumenya yai."

Ganda la yai lilikuwa bado limenata kwenye kidole cha Dada. Alilibandua polepole.

"Sasa tufanyeje?" akauliza. "Tusije tena?"

"Mje. Bahari ni yenu. Ila muwe na mwangalizi. Mtu mmoja, siyo watu wanne. Ashike zamu ya dakika ishirini. Kazi yake ni mtoto tu. Hana simu, hana mayai, halali, hapigi soga, hajanywa pombe. Mtoto mdogo kama huyu akigusa maji, mwangalizi awe naye majini, umbali wa kunyoosha mkono. Zamu ikiisha haondoki mpaka mwenzake aseme, 'Nimempokea.'"

"Na akipotea?" nikauliza.

"Anza kutafuta majini, na papo hapo mwite mwokoaji. Nyie mlianzia wapi?"

"Vyooni," Shemeji akasema.

"Kwenye magari," Shangazi akasema.

"Kwa muuza aiskrimu," nikasema, na sauti yangu ikaisha njiani.

Kamanda hakucheka. Afadhali angecheka. "Aiskrimu itakusubiri. Maji hayasubiri. Na kama hujui kuogelea, usijitose. Tutawatafuta wawili. Mnaziona bendera zile mbili? Ogeleeni kati yake, ndipo macho yetu yalipo." Akaligusa gauni la Kijiko. "Na hii buluu ikiingia majini haionekani. Nani alilinunua gauni hili?"

"Nimelishona mwenyewe," Dada alisema. Hapo ndipo machozi yakamtoka.

Kamanda alimshika bega. "Umeshona vizuri, mama. Rangi tu. Shona la rangi ya machungwa, nitamwona hata nikiwa nasinzia. Na mfundishe majina yenu ya kweli. Mkija, andika namba ya simu mkononi mwake kwa kalamu isiyofutika haraka."

Tulirudi nyumbani. Hakuna aliyekula tikiti. Shemeji alimbeba Kijiko njia nzima, ingawa alikuwa na miguu yake. Mimi kwa siku kadhaa nilikwepa macho ya Dada. Siku ya tatu nilimfuata kwenye cherehani.

"Dada, mimi ndiye niliyesema tunamwona. Sikuwa namwona."

Alisimamisha cherehani. "Na mimi nilisema 'mwangalieni' hewani, kama ninayerusha chumvi. Tumekosea sote, Mjomba. Nipe mkasi."

Kitambaa kilichokuwa chini ya sindano kilikuwa cha rangi ya machungwa.

Tulirudi baharini mwezi uliofuata. Safari hii Shangazi alimwandika Kijiko juu kabisa ya karatasi, kabla ya mkeka, na mbele yake akapanga zamu. Kijiko naye alikuwa amejifunza majina. Alimwita baba yake kwa majina yake yote matatu kila alipotaka maji, na Shemeji aliitika kila mara.

Zamu ya pili ilikuwa yangu. Shangazi aliniletea mtoto kwa mkono.

"Nimempokea," nikasema, na simu yangu nikampa yeye.

Tulisimama kati ya bendera, maji yakinifika magotini na yeye kiunoni. Kijiko alikuwa ananieleza habari za kaa. Katikati ya neno, wimbi likampiga mgongoni. Akatoweka. Hakukuwa na kelele wala mkono uliopungwa. Kulikuwa na gauni la rangi ya machungwa chini ya maji, na kimya.

Nilimnyakua kwapani na kumwinua. Alikohoa mara mbili, akanikazia macho.

"Mjomba, umenifinya."

"Samahani, mama."

Niligeuka kutazama mkekani. Dada alikuwa anakata mkate. Shemeji alikuwa anahangaika na mwavuli. Shangazi alikuwa anacheka na jirani. Hawakuwa wamesikia chochote, kwa sababu hakukuwa na cha kusikia.

"Kaa ana miguu mingapi?" nikamuuliza, bila kumwachia mkono.

"Mingi," Kijiko akasema. "Tuendelee?"