Mkaguzi wa Samaki wa Kasese

Treni kutoka Kampala iliingia Kasese saa nne asubuhi, mwaka wa 1969, na abiria wakashuka kwa kusukumana, kila mtu na mzigo wake na kelele zake. Akumu alishuka wa mwisho. Alivaa gauni jeupe lenye ukosi wa buluu na mkanda mwembamba kiunoni. Hakuwa amepiga hata hatua kumi pale steshenini mchukuzi alipompita mbio na gunia kichwani. Gunia lilikuwa linavuja. Maji ya samaki, mazito kama mchuzi uliochacha, yakamwagika begani kwake, yakateremka mpaka kifuani.

"Mungu wangu! Wewe! Simama!"

Mchukuzi hakusimama. Aliyesimama ni mwenye gunia, kijana mrefu mwenye shati la maua na suruali pana chini. Aliitwa Stanislas. Kwao ni Butembo, Kongo, lakini duka lake lilikuwa Bwera, mpakani, na kazi yake ilikuwa kununua samaki wa chumvi Kasese na kuwavusha ng'ambo.

"Pardo, mademoazeli. Mi naomba musamaha. Ule mutu hana macho."

"Na wewe huna pua? Uoza huu unaupeleka wapi?"

"Haiko uoza. Iko samaki ya chumvi. Kule kwetu mutu akisikia hii harufu, mate inamutoka."

"Hata mimi mate yananitoka," Akumu akasema, akageuka pembeni akatema.

Stanislas akacheka mpaka akashika magoti. Akumu akaondoka bila kuaga, pua ameiziba kwa leso.

Yeye alikuwa mkaguzi. Kampuni yake ya Kisumu ilimleta Uganda kwa miezi mitatu tu, kwa sababu wanunuzi walilalamika kwamba samaki wa ghala la Kasese walikuwa na funza. Kazi yake ilikuwa kufungua, kukata, kunusa, kisha kuyapiga muhuri magunia yaliyo safi. Wabovu wakatwe mikia, watupwe shimoni.

Ghala lenyewe lilimtapisha siku ya kwanza. Sakafu iliteleza. Nzi wa kijani walitua midomoni mwa watu wakiongea. Meneja, Bwana Byamukama, alimpokea huku anakula samaki kwa vidole. Alipomaliza alijifuta kwenye tai yake, kisha akampa mkono. Chumba alichopangiwa kilikuwa nyuma ya ghala hilohilo. Harufu ililala naye, ikaamka naye, ikanywa naye chai.

"Utazoea," Byamukama alimwambia.

"Siku nitakayozoea, nitakuwa sifai tena kwa kazi hii."

Jumatano Stanislas akaja kununua. Akumu alimtazama kwa jicho la pembeni. Yule kijana alichukua samaki, akafunua shavu, akanusa, akamtupa. Akachukua mwingine, akambonyeza tumbo, akamtupa. Uso wake ulikunjamana vilevile kama wa Akumu. Kwa mara ya kwanza tangu afike, Akumu alimwona mtu anayechukia uoza kama yeye.

Kabla ya kuondoka, Stanislas aliyaacha magunia yake matupu, yenye alama ya msalaba mwekundu, ili yajazwe atakaporudi kununua tena. Kisha akatoa mfukoni kipande cha sabuni ya Kifaransa kilichofungwa kwa karatasi ya waridi.

"Ya kufulia gauni?" Akumu akauliza.

"Ya kufulia hasira."

Tangu siku hiyo simu ya ghala ililia kila asubuhi.

"Alo! Hapa Bwera. Iko nani?"

"Aliyepiga ndiye ajitaje."

"Iko mutu moja ananuka samaki. Anataka kusikia sauti ya mutu ananuka sabuni."

"Mwambie apange foleni."

"Foleni iko murefu?"

"Ina mtu mmoja tu. Lakini ana maneno mengi!"

Jumapili moja Stanislas alimfuata kwa pikapu. Akumu alivaa gauni la manjano, nywele amezichana juu. Walisali Bwera, wakala wali na maharagwe sokoni, wakateremka mpaka mtoni kuitazama Kongo. Stanislas alipomshika mkono, Akumu aliuinua mkono ule akaunusa.

"Umejiosha kwa kipande kizima?"

"Mbili, sheri."

Alirudi Kasese akiimba. Hakujua kilichofanyika ghalani mchana ule.

Alhamisi habari zikaja: watu kumi na mmoja wa Bwera wameugua baada ya kula samaki, na bibi mmoja, mama yake Esperance muuza mihogo, amefariki. Saa sita askari polisi, Afande Ojok, akaingia ghalani na gunia, akalibwaga chini.

"Muhuri wa nani huu?"

"Wangu," Akumu akajibu.

"Fungua!"

Alifungua. Harufu ilimpiga usoni kama kofi. Chini ya chumvi mpya samaki walikuwa wamelainika kama uji, na funza walifurukuta machoni mwao. Akumu aliwatambua. Ni wale aliowatupa shimoni Jumamosi, mikia ameikata kwa mkono wake. Juu ya gunia ulikuwepo msalaba mwekundu.

Akili yake ikakimbia. Magunia ni ya Stanislas. Na Jumapili ni nani aliyemtoa ghalani kutwa nzima? Ni nani aliyempeleka misa, akamshika mkono, wakati muhuri umelala kwenye droo? Akaikimbilia simu.

"Akumu, sheri, mi natoka hospitali sasa hivi, tunabeba wa..."

"Usiniite mpenzi wako! Ulinitoa hapa ili watu wako wauchukue muhuri wangu!"

"Watu gani? Unasema nini?"

"Unanuka, Stanislas. Si mwili. Roho yako ndiyo inayonuka."

Sauti ya Stanislas ikaja nzito.

"Kama unaniona vile, weka simu."

Akaiweka.

"Kesho asubuhi nataka maelezo yako," Afande Ojok akasema, akaondoka na gunia lake.

Jioni Akumu alikuwa nyuma ya chumba chake, anatapika. Feresita, mama aliyekuwa akiosha samaki ghalani, akaja akamshika paji la uso.

"Dada, yule Mukongo hana kosa," akanong'ona. "Jumapili bwana mkubwa alituita. Alituambia toeni samaki shimoni, osheni na majivu, tieni chumvi mpya. Muhuri alitoa kwa droo yako, ana ufunguo ingine. Magunia ya Stanislas ndiyo yalikuwa karibu. Lori ya wachuuzi ilibeba yote, ikapeleka Bwera."

"Uliona kwa macho yako?"

"Mikono hii ndiyo ilijaza."

"Na ukanyamaza?"

"Nina watoto, dada. Nilinyamaza. Lakini tangu nisikie yule mama amekufa, chakula hakipiti."

Akumu alimwendea Byamukama palepale. Alimkuta anakula.

"Muhuri ni wako, jina ni lako," Byamukama akasema bila kuinua kichwa. "Tulia, maliza miezi yako, urudi kwenu na barua nzuri. Yule mgeni watamfukuza tu, maneno yataisha." Akaunyosha mkono wake unaong'aa mafuta, akampapasa begani. "Si tumeelewana, mama?"

Akumu alihisi kama kiwavi anamtambaa. Aliuondoa ule mkono, akaenda kwenye simu, akaomba polisi.

"Afande, usingoje kesho. Njoo na gari. Maelezo yangu yako tayari, na nina shahidi."

Byamukama alichukuliwa na polisi, tai yake ya mafuta shingoni, baadaye akafungwa. Kampuni haikufurahi. Telegramu ya Kisumu ilikuwa fupi: Akumu arudi, kazi yake imekwisha.

Badala ya kupanda treni, alipanda lori la Bwera. Alimkuta Stanislas mbele ya duka, mikono ya shati ameikunja. Watu wenye hasira walikuwa wameupaka mlango wake kinyesi na matumbo ya samaki, naye alikuwa anakwangua kwa kipande cha bati. Akumu aliweka sanduku chini, akatafuta bati jingine, akaanza kukwangua upande wa pili. Machozi yalimtoka, kwa harufu na kwa aibu.

"Acha. Utachafua nguo," Stanislas akasema.

"Nimekuchafua wewe kuliko mlango huu. Nilikutukana kabla sijakuuliza. Nisamehe."

Stanislas aliendelea kukwangua. "Mi niliumia, Akumu. Watu walinitupia mavi, nikavumilia, sababu hawanijue. Lakini wewe unanijua."

"Kweli."

"Mi nitakusamehe. Lakini Esperance aliyefiwa na mama? Muhuri iko yako. Ulifunga mu droo, ukaja kutembea na mi. Twende kwanza kwa matanga."

Akumu alinawa, akajifunga leso kiunoni, wakaenda. Mbele ya waombolezaji alipiga magoti, akasema jina lake, akasema muhuri ulikuwa wake na hakuulinda. Esperance alimtazama tangu kichwani mpaka miguuni kama mtu anayetazama uchafu, akatema mate chini. Akumu hakunyanyuka. Hatimaye Esperance akasema kwa sauti iliyokauka, "Kaa na wanawake wenzako. Menya mihogo."

Alimenya mpaka jua likaelekea magharibi. Walipotoka Stanislas akasimama njiani.

"Akumu, mi nataka kukuoa."

"Leo? Nimetapika, nimekwangua mavi, kazi sina!"

"Leo. Kesho utakimbia na treni."

Akumu akacheka huku analia. "Nitakimbia na treni, ndiyo, kumwambia baba. Nawe uje Kisumu na wazee wako. Lakini waje na ng'ombe, Stani. Wakileta samaki, nawafungia mlango!"

Walikuja na ng'ombe. Waliishi Bwera, na duka likahama kwenye samaki likauza vitenge na sabuni. Akumu hakuonja samaki tena mpaka uzee wake. Ndugu zake wa Kisumu walimcheka: Mjaluo gani huyu asiyekula samaki? Stanislas alikuwa anamjibia, "Muacheni. Mi najua alichokiona." Kisha anaisogeza sahani ya maharagwe mbele ya mkewe.